Vyumba vitatu Bariadi, na kasoro ambayo mama mkwe wangu hakutaka kuitaja

Kwanza nilisikia maji.

Nilikuwa nimelala chali kitandani, macho nimeyafumba, nalijaribu godoro kwa mgongo kama ilivyo kawaida yangu. Upande wa pili wa ukuta mtu alichota kopo la maji akajimwagia taratibu. Yalianguka sakafuni kwa sauti safi, karibu kabisa na sikio langu. Likafuata kopo la pili. La tatu nikalisikia likichotwa, kisha nikajigeuza na kitanda changu kikalia.

Kimya.

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, Bariadi, na sina sababu ya kuyatia chumvi kwa sababu aliyeaibika ndani yake ni mimi. Aliyekuwa anaoga upande wa pili alikuwa mama mkwe wangu.

Ngoja nianze vizuri.

Mke wangu ni Msukuma wa kule Lagangabilili. Mimi ni mtu wa Morogoro. Ndoa yetu ina miaka miwili. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na ilifika mahali anamtambua ng'ombe kwa kengele na mtu kwa hatua zake. Ikaja habari kwamba madaktari wa macho wamefika Bariadi kwa siku chache, wanafanya upasuaji, halafu wanaondoka. Lini watarudi, hakuna aliyejua.

Mke wangu ana kichanga, asingeweza kusafiri. Nikajitolea.

Tulipofika hospitali jina la mama likaandikwa: kesho asubuhi na mapema, jicho la kulia. Wakatuambia alale mjini, karibu, asichelewe.

Hapo ndipo nilipojiona mtaalamu. Kazi yangu ya kuandika inanizungusha sana, nimeshalala kwenye gesti za kila aina, na chumba sikichukui kienyeji. Nafungua bomba kwanza. Nanusa mto. Neti naiinua kwenye mwanga kutafuta matundu. Nauliza baa iko upande gani na spika zimetazama wapi.

Nikapata lodge moja tulivu, mbali na stendi. Nyuma yake kuna shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, na upepo ulikuwa unaingia dirishani na harufu ya mabua makavu. Vyumba viwili, vyote self, bafu humo humo ndani, vimeshikana. Nilisisitiza vishikane, ili mama akihitaji kitu nimsikie.

Nikamsikia.

Basi baada ya kile kimya, mlango wangu ukagongwa. Alikuwa Kabula, mdogo wa mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi Nyashimo. Yeye alikuja kumshika mama mkono na kulala naye chumba kimoja. Akasema mama anaona chumba kina joto.

Sawa. Nikaenda mapokezi. Pale alikuwepo mama mmoja wa makamo, mpole, nikamwomba vyumba vingine. Akatupa viwili vinavyotazamana, korido katikati, feni zinazunguka vizuri. Nikafungua bomba, nikanusa mito, nikarudi kifua mbele.

Dakika kumi, Kabula huyo. Mama anasema godoro linamzamisha.

Nikaenda kulibonyeza lile godoro kwa ngumi zote mbili. Wakuu, lilikuwa gumu kama benchi la kanisani.

Niseme na hili. Muda wote huo mama hakunisemesha hata neno moja. Nikipita koridoni anageukia ukutani na kuvuta kanga usoni. Mtu asiyeona kiganja chake mwenyewe, lakini mimi nilipo anajua, na anageuka. Iliniuma. Nikadhani ananiona mkwe wa hovyo, mtu wa kalamu ambaye hajawahi kuchunga hata mbuzi.

Nikameza. Jaribio la tatu: yeye na Kabula chini, chumba kikubwa, choo cha kukaa, dirisha lenye kivuli. Mimi ghorofani, juu yao kabisa.

Kabula akapanda polepole, anaangalia vidole vya miguu yake.

"Mama anasema ngazi."

"Ngazi zipi? Mama analala chini. Ngazi napanda mimi, Kabula."

"Ndiyo hizo hizo, shemeji."

Nikashuka.

Kufika chini nikakuta mama amekaa kwenye benchi la nje, furushi lake mapajani, uso kauelekeza barabarani. Ilikuwa saa tisa. Kabula akanieleza kwamba gari la Lagangabilili linaondoka saa kumi, na mama amesema atakuwemo. Jicho litangoja. Giza amelizoea, haligombani naye.

Hapo nikachemka. Nilimwambia Kabula kwamba madaktari hawatangoja. Kwamba mjukuu wake amezaliwa, na akiondoka leo hatakuja kuiona sura yake. Kwamba nimemtafutia vyumba vitatu ambavyo mimi mwenyewe kwa safari zangu zote sijawahi kuvipata, na kila kimoja kina dosari mpya kama mtu anayezitunga. Sauti yangu ilipanda. Yule mama wa mapokezi akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanatikisika.

Kabula akanivuta hadi nyuma, kwenye simtank la maji.

"Shemeji, wewe unaandika vitabu?"

"Unajua naandika."

"Na humo vitabuni watu wanalala na mama mkwe ukuta mmoja?"

Nikaegemea simtank.

"Chumba cha kwanza mama alikipenda," akasema. "Kasoro ya chumba ni wewe."

Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto darasani. Si kila Msukuma wa leo anajali, yeye mwenyewe hajali, lakini mama yao ni wa zamani. Kwa mama huyu, mkwe hasikii maji yake ya kuoga. Mlango wa mkwe hautazamani na wake. Na mkwe kulala juu ya kichwa chake, hilo halisemeki. Kunitamkia mimi kungekuwa aibu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana joto. Ndiyo maana godoro.

Nikakumbuka nilipokwenda kujitambulisha ukweni, mama akiwa bado anaona kidogo. Walinilaza kwa jirani. Nilidhani nyumba imejaa.

Nikauliza sasa mimi nilale wapi. Akasema Bariadi ni kubwa.

Nikachukua begi langu. Mama wa mapokezi akamrudishia Kabula ufunguo wa chumba cha kwanza, akaniambia bila kunitazama kwamba yeye alishangaa tangu niliposema vishikane, ila mteja habishiwi. Nikasimama mbali na benchi, nimegeuza mgongo, nikamwambia Kabula kwa sauti ya kufika: nimepata chumba upande wa stendi, mama apumzike.

Mama akasema kitu kwa Kisukuma, chini chini.

"Anauliza kama kina neti," Kabula akasema.

Nikasema kinayo. Nilikuwa hata sijakiona.

Hakikuwa nayo. Bomba lilikohoa hewa, godoro lilikuwa na bonde katikati, na spika za baa zilitazama mto wangu moja kwa moja. Mtaalamu wa vyumba akalala humo siku mbili.

Nilichojifunza: kabla hujakagua bomba, jiulize nani atalala ukuta wa pili na ninyi ni nani kwa nani. Na ukiona mtu kila chumba anakipa kosa jipya, acha kukagua vyumba. Mtafute anayemfahamu, umuulize pembeni.

Waliooa Usukumani njooni mniambie ninyi mliponaje. Mkimaliza kucheka.

Ila jicho sijalisema. Upasuaji ulifanyika asubuhi ile, wakalifunika. Asubuhi iliyofuata likafunguliwa hospitali, mimi nikiwa nimekaa mbali getini. Hakuna aliyeniambia kitu, na simu ya Kabula haikupatikana. Nikanunua uji, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaenda lodge.

Mlango wa mapokezi ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na korido, jicho la kulia liko wazi. Sikusema neno. Hata viatu vyangu vilikuwa bado kwenye mchanga wa nje, hatua zangu asingezisikia.

Akanitazama. Akaduwaa.

Kisha akavuta kanga usoni, akainuka. Siku mbili nzima alikuwa anaongozwa kwa mkono, anapapasa kuta. Sasa akapita katikati ya viti vya plastiki bila kugusa hata kimoja, akainua mguu kuruka ndoo ya kudekia, akaukata ukumbi peke yake, haraka kama msichana. Kabula alikuwa amesimama na mikono miwili mdomoni.

Mama akaingia chumbani kwake, akanifungia mlango.