Fundi Alute na mabafu yanayolowesha vyumba

Saa mbili asubuhi mjini Ikungi, fundi Alute Njiku anamwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu jipya, kisha anachuchumaa kuyatazama. Maji hayana haraka. Yanajikusanya katikati, yanalipita tundu la kutokea kama hayalioni, yanapenya chini ya mlango na kuingia chumbani.

"Haya, kitanda kimeogeshwa," anasema, na kumwita mwenye nyumba ajionee.

Mwenye nyumba ni Stanley, mfanyabiashara wa alizeti, aliyehamia hapa mwezi uliopita. Anatikisa kichwa na kuuliza swali ambalo Alute huulizwa kila nyumba: hawezi kuinua kizingiti tu mlangoni, maji yaishie humo humo?

"Yataishia humo, ndiyo. Yatalala humo mpaka yaoze, na wewe utalala nayo ukuta kwa ukuta," anajibu Alute. "Hapa dawa ni kuvunja."

Kabla ya saa nne, Stanley, mkewe Maria na watoto wamekwisha kubeba magodoro kwenda kwa ndugu, kukimbia vumbi. "Tumekuachia nyumba, baba," anasema Maria. Mlango unafungwa. Kwa siku nne zijazo nyumba hii ya vyumba vitano itakuwa na mtu mmoja, naye yuko bafuni amepiga magoti.

Hiyo ndiyo kazi ya Alute, mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Hajengi nyumba. Anarekebisha jamvi, ile sakafu ya zege inayomwagwa nyumba nzima kwa siku moja kabla kuta hazijapanda, tena mahali pamoja tu: bafuni. Tangu aanze mwaka 1991 hadi huu wa 1996 amevunja mabafu thelathini na manane, kuanzia hapa mpaka Shelui. Moja humpa shilingi elfu kumi na mbili.

Zamani kazi hii haikuwapo. Enzi za sementi ya kibali cha serikali, aliyepata mifuko mitano aliipigia sakafu ya sebule, akamshukuru Mungu. Kuoga kulikuwa uani, juu ya mawe, maji yakajua yenyewe pa kwenda. Sasa sementi imejaa madukani, kibali ni mfuko wako, na kila aliyenyanyuka kidogo anataka bafu la ndani, mlango wake ukitokea chumbani, hata kama maji yenyewe bado yanatoka kisimani kwa ndoo.

Kosa linatoka wapi? Alute anasema linatoka kwenye wema.

Siku ya jamvi hapa ni siku ya watu. Majirani huja na makoleo, wanawake na ndoo kichwani, mbuzi huchinjwa, pombe ya mtama ipo, na nyimbo za kulimia hugeuzwa kuwa za zege. Fundi mwenye akili huwa ameacha eneo la bafu chini kwa vidole vinne, maji yasipande. Lakini mtu aliyekulia kwenye sakafu ya udongo anajua kwamba shimo sakafuni ni kazi ambayo haijaisha.

"Wanaona shimo, wanalijaza. Fundi akigeuka kunywa maji, akirudi anakuta bafu limesawazishwa kama meza, na mzee mmoja anampa mkono wa hongera," anasema Alute. "Utawagombezaje watu waliokusaidia bure? Kukosea ni watu arobaini, wanaimba. Kurekebisha ni mimi."

Huanzia mlangoni kwa tindo na nyundo, polepole, ufa usitambae chumbani. Zege lote la bafu hung'olewa vipande vipande, naye hubeba kila kipande mpaka uani. Huchimba udongo, hushindilia, humwaga upya, mlangoni chini kidogo, kwenye tundu chini zaidi. Hupima kwa pima maji. Kisha haliamini pima maji, humwaga ndoo.

Hajawahi kualikwa kwenye sherehe ya kuhamia. Wenye nyumba hawapendi kosa lao lijulikane mtaani, na wengine wakikutana naye sokoni humsalimu kwa mbali. Halaumu mtu.

Wakati mmoja naye alikuwa mjenzi wa nyumba nzima, mtu wa makoleo na vigelegele. Mkewe Anastasia ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alifariki mwaka 1990. Baada ya matanga Alute alijaribu jamvi moja, akasikia wimbo ule ule ukianzishwa na sauti nyingine, akaliacha koleo pale pale. Ndipo alipotafuta kazi ya mtu mmoja.

"Mwanzoni niliona nafuu. Sasa siioni. Nimeuzoea upweke tu, na kuuzoea si kuupenda," anasema. "Jioni natamani hata mtu wa kuniambia nanuka vumbi."

Siku ya tatu, Jumatano, mlango unagongwa. Ni Idrissa, kondakta wa basi la Kinyangiri, ameleta ujumbe wa Loyce, binti pekee wa Alute, ambaye ni mwalimu huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wazima huko?"

"Wazima. Jumamosi wanamwaga jamvi. Mkweo Innocent anasema uje, kakuandalia kiti kivulini na mguu wa mbuzi. Koleo usibebe, mkwe hashiki koleo."

"Na bafu?"

"La ndani, mzee! Kama Dar es Salaam."

Idrissa anapoondoka, Alute anakaa juu ya kifusi na nyundo mapajani. Kwa mila aliyolelewa nayo, baba hakanyagi chumba anacholala binti yake na mumewe, na bafu hilo mlango wake utatokea humo. Mabafu yote ya Singida anaweza kuyarekebisha isipokuwa hilo. Likijazwa Jumamosi, ndiyo basi. Na Loyce ana kifua kinachobana tangu utoto, hakitaki unyevu.

Kumwelekeza Innocent namna ya kujenga pia hawezi. Itakuwa kumdharau mbele ya ukoo wake.

"Ila Jumamosi pale hakuna kuta," anajiambia. "Si chumba bado, ni uwanja. Kiti chao nakipokea kwa heshima zote. Nitasema mgongo unataka jua, nikiweke ndani ya shimo la bafu, nikae na koti langu na fimbo yangu. Zege lije. Nani atamfukia mkwe miguu?"

Anacheka, na nyumba tupu inamrudishia kicheko chake. Watu wakienda kula, atainuka, atavua koti, na kukimwaga kile kipande kidogo mwenyewe. Mfuko wa sementi atatoka nao Ikungi.

Kuta zikishapanda hataruhusiwa kurudi. Ndoo ya kwanza itamwagwa asiione, wala hataweza kuuliza, kwa kuwa baba hamuulizi binti yake habari za bafu. Atajuaje basi kama maji yanatoka?

"Ukipita mwaka bila Loyce kunitajia unyevu, ukapita wa pili, nitajua yanatoka," anasema Alute, akishika tindo tena. "Wenzangu wanaomba watoto wao wawakumbuke. Mimi naomba Loyce aoge mpaka anisahau."