Macho Haya Sikuzaliwa Nayo

Udongo wa kufinyangia una harufu mbili. Ukiwa mbichi hunukia matope ya mtoni, na ukikauka kivulini hunukia vumbi na majani makavu, na hiyo ya pili ndiyo iliyojaa utoto wangu. Kwetu ni Ikombe, pale milima inaposhuka moja kwa moja mpaka Ziwa Nyasa bila kuacha mahali pa maana pa kulima. Sisi Wakisi tuliishi kwa samaki wa baba zetu na vyungu vya mama zetu. Ulikuwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani. Misheni ilikwisha kujengwa, na nilisoma pale shuleni kwao. Baba alikwisha kufa, kwa hiyo mimi na mama tulibaki na vyungu tu. Mwaka ninaousimulia, macho ya mama yalianza kuingia ukungu. Mikono yake iliendelea kufinyanga vizuri kama zamani, lakini kitu kimoja kilimshinda, nacho ni kuona ufa.

Chungu kikikauka vibaya hupata ufa mwembamba kuliko unywele. Ukikipaka udongo mwekundu na kukisugua kwa kokoto mpaka king'ae, ufa hujificha. Hata kikishaokwa, maji baridi hukaa ndani bila kuvuja. Siku kikiwekwa mafigani na moto ukakolea, hapo ndipo hulia na kuvuja. Wanawake wa Ipinda walikuja gulioni na mpunga na maharage, wakajaza chungu nafaka, wakatuachia nafaka na kuondoka na chungu. Aliyepewa kibovu hakurudi tena, na njia nzima aliwaambia wenzake. Chungu kibovu kwetu kilikuwa njaa, na mama alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Basi akaamua kwamba macho yake yatakuwa mimi. Sikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa. Kila asubuhi, jua likipiga kutoka ubavuni, aliniketisha mbele ya vyungu kumi na kuniambia nitafute. Msimu wa kwanza sikuona kitu. Vyote vilikuwa laini, vizuri, na mimi nilikuwa nalia. Kila tulipooka, alichagua vichache kati ya nilivyovipitisha akavibandika motoni, na kilicholia alinipa jiwe nikivunje kwa mkono wangu mwenyewe. Nilivunja vyungu vingi mno. Aliniambia pia nijue kila chungu hata kikigeuzwa, maana nilichokitilia shaka asubuhi kilipaswa kutambuliwa jioni kikiwa kimelazwa kifudifudi. Nikikiita kingine kwa sababu tu kimegeuka, nilifinywa sikio. Msimu wa pili nyufa zikaanza kujitokeza moja moja. Msimu wa tatu zilinijia zenyewe, hata nisipozitaka, na mama akaacha kubandika vyungu motoni.

Ndipo akaja Mdachi mmoja mgeni, mwenye masanduku, akipima vichwa na macho ya watoto wa shule. Alisimama mbali akainua kadi yenye alama nyeusi ya meno matatu. Mkononi alinipa kibao kilichokatwa umbo lilelile, na mwalimu wetu, Mnyakyusa, akatafsiri, "Kishike kama unavyoona pale." Nikakishika. Mgeni akageuza kadi, meno yakatazama chini. Sikusogeza mkono.

"Unaona nini sasa?" mwalimu akauliza.

"Kilekile, Mwalimu. Amekigeuza tu."

Akageuza tena na tena, nami nikajibu vilevile, tena kwa majivuno, nikidhani ananitega kama mama. Sikujua kwamba nilitakiwa kugeuza kibao kila kadi ilipogeuka. Mgeni akaandika kitu kwenye daftari. Jumapili mwalimu aliwaambia watu nje ya kanisa kwamba binti wa mfinyanzi ana macho mabovu, amerithi ya mama yake.

Siku ya gulio tulimkuta mama Tusajigwe wa Ipinda, mteja wetu wa miaka yote.

"Ugonile, mama," mama akamsalimu.

Akaitikia, lakini hakuinama kushika chungu. "Usinichukie, dada. Wewe huoni, na sasa nasikia na mtoto haoni. Vyungu hivi nani amevikagua?"

Wengine wakafuata mfano wake. Tulirudisha vyungu vyote kwenye mtumbwi tuliokuja nao, na wiki ile tulikula muhogo mtupu. Mama hakunilaumu, na hilo liliniumiza kuliko kufinywa sikio.

Gulio lililofuata nilisimama katikati ya watu, nikasema kwa sauti, "Leteni vyungu vya mama yeyote. Nitasema kipi kibovu, mkibandike motoni." Wakacheka, lakini wakaleta. Yule Mdachi alikuwapo, mwalimu ubavuni pake, na mikononi alikuwa na chungu alichokinunua dakika ile kwa mtu mwingine, kizuri ajabu. Nilikizunguka mara moja. "Hicho," nikasema. Mwalimu alinikodolea macho. Mama Tusajigwe, ambaye hakumwogopa mtu, alikipokea, akakitia maji, akakibandika kwenye mafiga ya mwanamke aliyekuwa anachemsha ndizi. Tulingoja. Maji yalipoanza kuchemka chungu kikalia tii, matone yakaangukia makaa, moshi ukatufunika sote.

"Ndaga, mwanangu," mama Tusajigwe akanishukuru kwa kwao, na hapohapo akaanza kumimina mpunga kwenye chungu cha mama.

Mgeni alifurahi sana. Alisema maneno mengi, na mwalimu akatafsiri, "Anasema watu wenu mnazaliwa na macho makali kama wanyama wa porini."

Hasira iliyonipanda siku ile ninayo mpaka leo. "Mwambie sikuzaliwa nayo! Mwambie mama amenifundisha misimu mitatu, na nimevunja vyungu hata mikono ikatoka damu!" Mwalimu alisema kitu kifupi sana. Sidhani kama aliyafikisha maneno yangu.

Wala si kweli kwamba macho yangu yalikuwa makali kwa kila kitu. Mama Tusajigwe naye aliamini hivyo, akanichukua msimu uliofuata nikampalilie shamba. Nikang'oa mpunga wake na kuacha magugu, kwa uangalifu mkubwa, mstari mzima. Alicheka mpaka akakaa chini. Jicho langu la vyungu halikunisaidia chochote pale shambani. Ilinibidi kuanza upya na majani, siku baada ya siku, mpaka nikayajua.

Leo Mdachi ameondoka, Mwingereza naye ameondoka, na mjukuu wangu Atupele anafanya kazi hospitalini, akitafuta vijidudu vya malaria katika damu za watu kwa hadubini. Wenzake humwambia amezaliwa na kipaji, naye hutabasamu tu, kwa sababu hana ulimi wangu. Mwezi uliopita nilimtembelea akaniinamisha nichungulie. Niliona rangi ya zambarau, basi.

"Vipo vitatu hapo, bibi," akasema.

Kijana mmoja aliyekuwa akiosha vioo akamwambia kwa upole, "Mwache bibi apumzike. Hayo si ya macho ya wazee."

Nikamwomba kijana yule anisogezee kiti. Alidhani nataka kupumzika. Nikakaa, nikainama tena, nikamwambia Atupele, "Nionyeshe cha kwanza kiko upande gani, halafu usiniambie kingine chochote."