Twiga wa Fedha wa Mwanamvua

Mwanamvua, jirani yangu hapa Kaole, ni mtu wa kusugua. Kwenye masufuria yake unaweza kujitazama. Kukiwa na harusi, masinia ya shaba huletwa kwake, naye huyapiga majivu na ndimu mpaka yanawaka.

Mumewe, marehemu Mwinshehe, alizikwa katika shamba lao la Mapinga. Enzi zake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja, na walipoagana alipewa sarafu ya fedha yenye twiga, ndani ya kijikasha cha kioo. Aliambiwa asiitoe humo. Yeye na mkewe wakadhani ni kwa kuogopa wezi. Mwaka huu Shamsudin, ndugu wa marehemu na mrithi mwenziwe, alitaka shamba liuzwe kwa watu wa mjini. Mwanamvua akaomba anunue sehemu ya shemejiye kwa kuuza ile sarafu, kaburi lisiangukie mikononi mwa wageni.

"Sarafu moja inunue shamba, shemeji?" Shamsudin alicheka. "Basi mimi kwa vifungo vya kanzu yangu nitanunua Bagamoyo yote."

Lakini Abdulwahab, mnunuzi wa sarafu kutoka Dar, aliona picha ya sarafu kwenye simu akaahidi bei iliyotosha. Shamsudin akakubali kungoja.

Siku ya mgeni kuja, Mwanamvua aliniita. "Mama Linda, njoo ukae nami. Nina hofu."

Hofu mimi siazimi, ninayo yangu. Binti yangu akichelewa kurudi tu, sitii kitu mdomoni. Nikaenda. Mlangoni pua yangu ilinasa harufu ya ndimu.

"Shikamoo, mama," alisema Abdulwahab.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako," Mwanamvua alimjibu.

Alivaa glovu nyeupe za kitambaa, akafungua kijikasha, akaielekeza sarafu dirishani. Nilikuwa namtazama usoni. Uso ulizima.

"Mama, ule ukungu wa zambarau niliouona pichani uko wapi?"

"Uchafu ule? Nimeutoa. Mgeni haonyeshwi kitu kichafu."

Hakumkaripia, heri angemkaripia. Alitueleza polepole kwamba sarafu za namna ile hupigwa chache, tena si za kwenda nazo sokoni. Muhuri wa chuma unaochapa picha hung'arishwa kwanza, na fedha yenyewe pia, kisha hupigwa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana uwanja wake, ile sehemu tupu kuzunguka picha, huwa kama kioo, na twiga akasimama mweupe juu yake. Wakusanyaji hulipia uso usioguswa. Ukungu wa miaka ndio shahidi kwamba haukuguswa.

"Sasa ina mikwaruzo, mama, na haitoki. Imebaki bei ya fedha tu, kwa mizani."

"Nikiisugua tena?" Mwanamvua aliuliza.

Abdulwahab alivua glovu zake, akazikunja.

Shamba liliuzwa. Sasa lina ukuta na geti jeusi. Mlinzi akiwa na moyo mweupe humruhusu aingie. Asipokuwa nao, Mwanamvua husimama nje akamsomea mumewe Yasini, uso kauelekeza ukutani.

Masinia ya harusi bado yanaletwa. Juzi nilimkuta akiyaosha kwa maji matupu.