Ukuta wa Nkambo

Juzi alikuja kwangu binti mmoja mwanafunzi, katoka chuoni kule Kasapa, anaandika habari za sisi wachoraji wazee. Nikampa chai na mandazi. Akatazama huku, akatazama kule, halafu akasema: "Mama, weye muchoraji, mbona kuta zako hazina kintu?" Kisha akataka nimwambie inspirasio yangu inatoka wapi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Inspirasio! Inatoka kwenye ndoo, mwanangu. Yeye sikumwambia, lakini wewe nitakuambia.

Ndoo ilikuwa ya nkambo wangu. Ndivyo tunavyomwita bibi hapa kwetu Lubumbashi. Alikuja kutoka Kasai na mumewe aliyepata kazi ya reli, na mume alipokufa akabaki na mimi na nyumba ya matofali ya udongo. Kila mwaka baridi ikianza kupungua, vumbi jekundu limetujaa hadi kwenye meno, tulikwenda mtoni kuchimba udongo mweupe. Wekundu tulibomoa kwenye kichuguu, weusi tulisaga makaa. Alichanganya na maji ya muhogo uliochemshwa ili rangi ishike, na harufu ile naisikia mpaka leo.

Alichora kwa vidole, asubuhi, kabla ya kutwanga sombe, majani yetu ya muhogo: ndege, samaki, mistari inayokwenda na kurudi. Mvua zikija zinaosha vyote, nami nalia. Yeye anacheka: "Unalilia nini? Mwaka kesho sitakuwa na mikono?" Kwake ilikuwa kazi ya nyumbani kama kufagia. Neno msanii angelisikia angedhani ni jina la ugonjwa.

Mama jirani, wa mlango wa pili, alikuja na kigoda chake kumtazama akipaka, huku akitafuna karanga zetu. Aliusifu ukuta ule kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyenisuka nywele kila Jumamosi, na nilimpenda.

Basi ikaja miaka ile Katanga ilipojitenga na Kongo. Bendera mpya, askari wapya, na sisi watu wa Kasai tukawa wageni katika mji tulioujenga. Vijana walipita wakirusha mawe kwenye mabati yetu. Wenzetu wakaanza kukimbilia kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji. Siku yetu ilipofika nkambo alikuwa na ndoo mkononi, ukuta umefika nusu. Jirani, yeye mwenyeji wa Katanga, akaja mbio: "Mama, mukimbie, banakuya! Nyumba nitaichunga miye." Nkambo alimalizia samaki aliyekuwa ameanza kumchora, akanawa mikono, tukaondoka na sufuria na blanketi.

Kambini tulilala juu ya magunia, tukala bukari, ugali wa unga wenye wadudu. Nilivumilia kwa sababu nilijua ukuta wetu unatungoja na kuna mtu anauchunga.

Vita vilipoisha tukarudi. Jirani alitoka ndani mwetu, kajifunga kitenge cha nkambo. Akasema tumechelewa mno, nyumba sasa ni yake. Tulikwenda kulalamika huku na kule, na kila aliyetupokea alituuliza kwanza sisi ni kabila gani. Tukapanga chumba nyuma ya soko.

Mwaka uliofuata, baridi ikipungua, jirani akatuma mtu kumwita nkambo. Mvua imekula ukuta, na nani mwingine anajua kuchanganya? Haki ya Mungu, nkambo akachukua ndoo! Nilimng'ang'ania kitenge, nikapiga kelele: "Nkambo, ule iko mwizi!" Akanitazama kwa upole.

"Haiko ukuta ndiyo ilinifukuza," akasema.

Akaenda. Akapaka vizuri kuliko miaka yote, na hilo ndilo lililoniuma. Hakuomba kitu. Jirani alimpa maji ya kunywa katika kikombe chetu wenyewe.

Alipaka kila mwaka hadi mikono ilipokataa. Watu huniambia nkambo wako alikuwa na moyo mkubwa. Sawa, mimi sina. Yule mwanamke sikumsamehe, na nkambo pia sikumsamehe kwa kwenda.

Pale leo kuna ghala la saruji, hakuna ndege hata mmoja. Mimi nachora kila asubuhi nikimaliza kufagia, kama alivyonizoeza, lakini nachora juu ya turubai. Picha ikikauka naikunja, naiweka karibu na mlango. Ni kitu cha kukimbia nacho.

Nyumba hii nimeinunua kwa jasho langu. Majirani zangu ni watu wema, wananiletea matembele, wananiuliza nimelalaje. Hata yule alikuwa mwema. Siku nyingine nachovya kidole kwenye rangi nyekundu, nasimama mbele ya ukuta wa sebuleni, mkono umeshanyanyuka. Kisha nawasikia hapo nje wakicheka, nakipangusa kidole kwenye kitenge changu.