Karatasi Niliyoichomoa Daftarini

Siku yangu ya kwanza katika hifadhi ya nyaraka ya parokia, hapa Bukavu, padri msimamizi, tuliyemwita Abbé, alinipa brashi, kalamu ya risasi na rundo la fiche, yaani kadi za maelezo. Kwa kila hati niliandika mwandishi wake, tarehe, idadi ya kurasa, na cote, ile namba inayoonyesha sanduku lake. Kalamu ya wino ilikatazwa kabisa.

Nilikuwa kijana mwenye kiburi cha usafi. Katika daftari la kila siku la katekista mmoja wa Mudaka nilikuta karatasi iliyokunjwa, nakala ya barua ya kumgawia mtu shamba, haina tarehe. Nikaichomoa, nikaitia kwenye jalada la karatasi zisizoshonwa. Ilikuwa kati ya kurasa zipi, sikuandika.

Miaka ikapita, akaja Maman Nsimire, mjane wa mwenye barua ile. Jirani yake alikuwa na barua nyingine ya shamba hilohilo, na tribunal, yaani mahakama, ilitaka kujua ipi ilitangulia.

"Katekista alikuwa anaandikia batu barua," akaniambia. "Copie anaiweka ndani ya daftari, ku siku yenyewe. Angalia tu iko ku siku gani, papa."

Siku hiyo nilikuwa nimeipoteza mimi mwenyewe. Nilikimbilia kwa Abbé.

"Mon Père, naweza kuandika ile siku sasa ku fiche. Nakumbuka ilikuwa karibu na Pasaka."

"Unakumbuka, ao unapenda ikuwe vile?"

Niliirudisha fiche bila kuandika kitu. Hata leo sijui jibu.

Bila tarehe ya barua yetu, jirani alishinda kesi. Maman Nsimire alirudi kuomba aione karatasi, nikamfungulia sanduku. Aliigusa kwa kidole kimoja.

"Munaichunga muzuri. Iko na fasi yake. Mimi nitaenda fasi gani?"

Nilitaka kumwomba msamaha; badala yake nikafunga sanduku.

Ninyi mnaoanza kazi hii, andikeni kwanza mahali kitu kilipolala, ndipo mkiguse. Mimi nilijifunza kwa shamba la mtu mwingine.

Nilipostaafu, Abbé aliyekuwepo wakati huo alinisifu mbele ya wageni: tangu nianze kazi, hakuna karatasi hata moja iliyopotea mikononi mwangu. Watu wakapiga makofi. Nilisimama, nikawaeleza habari za Maman Nsimire tangu mwanzo. Hakuna aliyepiga makofi tena.