Aliyenisindikiza Kliniki

Muuguzi alinipigia simu nikiwa nyumbani Kiseke, naanika nguo. Kipimo cha HPV nilichopimwa kliniki kilikuwa kimeonyesha kwamba kirusi ninacho, kwa hiyo nirudi nikaangaliwe mlango wa kizazi. Alinieleza taratibu kwamba kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana, kwamba kuwa nacho si kuwa na saratani, na kwamba kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili.

Mume wangu alikuwa sebuleni na mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Bukoba. Nikawaambia vilevile nilivyoambiwa. Mume wangu akazima redio.

"Umekitoa wapi?"

Nikarudia maneno ya muuguzi, kwamba hakuna awezaye kujua nani alimpa nani, wala lini. Akaniambia niache kujificha nyuma ya maneno ya hospitali. Tangu siku hiyo akawa analala kwenye kochi. Siku ya kliniki alisema ana kazi, halafu nikamwacha uani anaosha gari.

Mama mkwe ndiye aliyenisindikiza. Tulikaa kwenye benchi, yeye amepakata mkoba wangu, mpaka nikaitwa. Daktari, mama wa makamo, alinipaka siki kwenye mlango wa kizazi. Alisema mahali penye hitilafu hugeuka peupe, na kwangu paligeuka. Haikuwa saratani, ila yalikuwa mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kufika huko. Akapachoma palepale kwa kifaa cha joto. Tumbo lilinikaza kama siku mbaya za hedhi, kisha likaachia. Akaniambia nirudi baada ya mwaka mmoja nikapimwe tena.

Tulipotoka, mama mkwe aliomba tupumzike kwenye mawe ya kando ya ziwa. Nilidhani amechoka.

"Mke wake wa kwanza naye alipimwa, akaambiwa arudi," alisema. "Mwanangu akamuuliza kama alivyokuuliza wewe. Binti wa watu akaona aibu, hakurudi."

Nilijua mwanamke huyo alifariki. Mume wangu aliwahi kuniambia ulikuwa uvimbe wa tumbo, nami nikampa pole.

"Na wewe, mama, ulimwambia nini mwanao?"

"Nilinyamaza."

Hakulia, wala mimi sikumbembeleza. Nilimkumbuka akiwa sebuleni siku ile ya simu, macho yake kwenye mkeka, na siku hiyo pia alikuwa amenyamaza. Nilinyanyuka, nikamshika mkono avuke mawe kwa sababu magoti yake ni mabovu.

Nyumbani mume wangu aliuliza wamesema nini. Nilipomwambia nimetibiwa, akamshukuru Mungu, akarudisha mto wake chumbani kama mtu aliyetoka safari. Kuhusu yale ya ziwani nilimwambia usiku uleule. Alisema mama amezeeka, anachanganya mambo.

Mwaka uliofuata nilirudi kliniki peke yangu. Kirusi hakikuonekana tena. Nilimpa mume wangu habari hiyo tukiwa mezani. Akasema vizuri, akaomba chumvi.