Sheria ya Kugusa Kichwa

Nimetazama zile filamu nne labda mara thelathini, na mwaka jana ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kuziona.

Kazi yangu ni kutunga michezo ya mezani. Watu wazima wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake, mwongozaji akiwasimulia hatari iliyo mbele yao. Wao huamua la kufanya, kisha hurusha dadu kuona kama wamefaulu. Ukoo wangu wote kule magharibi unaamini sina kazi. Basi kampuni moja ya ng'ambo iliponipa kandarasi ya kugeuza mfululizo wa filamu za kutisha kuwa mchezo wa aina hii, nilitembea Kitengela wiki nzima kifua mbele. Filamu zenyewe nilizijua kuliko sala, sikuona haja ya kuzitazama upya. Wachimba mawe wanapelekwa kwenye mwezi wa mbali sana, na huko kuna kiumbe kirefu kisicho na macho, ngozi yake rangi ya jiwe lililolowa. Hakikimbizi mtu. Kinakuja polepole, kinasimama mbele yako, kinainamisha kichwa, kinangoja.

Sisi tulikiita Mgeni. Jina hilo alilitoa kaka yangu.

Kaka amenizidi miaka kumi na miwili. Nilipokuwa mtoto alikuwa dijei wa sinema katika banda la video hapa Kitengela, banda la mabati matupu lenye mabenchi. Wateja walikuwa watu wa machimbo, vumbi limewakaa hadi kwenye kope, na wachungaji walioshuka siku ya soko. Kiingereza cha filamu kiliwapita juu, kwa hiyo kaka alizima sauti ya filamu, akashika maikrofoni na kuwasimulia yeye. Aliongeza chumvi bila haya. Rubani wa chombo alikuwa mtu wa Kiserian aliyeoa vibaya. Kompyuta iliyotoa amri ilikuwa mama mkwe. Lakini Mgeni alipotokea, kaka aliacha mzaha. Alinyamaza hadi ukasikia mabati yakialika kwa jua, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Anataka salamu."

Kwa majirani zetu Wamaasai, mtoto humsalimu mkubwa kwa kuinamisha kichwa, na mkubwa humwekea kiganja utosini. Sisi tulipohamia hapa sikulijua hilo. Nilikuwa nikiwanyooshea wazee mkono kama diwani anayeomba kura, nao wakinicheka, mpaka kaka akanifundisha kuinama. Alipomwona Mgeni akiinama kwenye skrini, aliieleza ile ishara kama mtu yeyote wa hapa angeieleza. Ukimgusa kichwa, alisema, umekuwa mkubwa wake. Hatakudhuru tena, ila atakufuata hadi kwenu. Katika filamu ya tatu mpishi anakutana na Mgeni kwenye ujia, anainua mkono, na picha inakuwa giza. "Amemgusa," kaka alituambia. "Huyo ameenda zake nyumbani."

Hiyo ndiyo sheria niliyoiweka katikati ya mchezo wangu. Mchezaji akikutana na Mgeni ana njia mbili: kukimbia, au kuweka mkono. Akiweka mkono anapona, lakini tangu hapo Mgeni yuko nyuma yake kila aendako. Niliona ni kurasa bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Wakati huo kaka alikuwa hana sauti. Banda lilikufa watu waliponunua simu, akahamia Kajiado, akawa mtangazaji wa minada ya mifugo na wa matanga. Kisha koo likaanza kumuuma. Mwezi wa kwanza madaktari walitoa sehemu ile inayotengeneza sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, ambalo yeye hulifunika kwa skafu. Walisema upasuaji peke yake hautoshi. Lazima arudi kwa matibabu ya mionzi, na mapema, la sivyo ugonjwa utarudi na utarudi kwa hasira. Kaka hakurudi. Alipewa siku mara mbili, na mara mbili tulimkuta amejifungia ndani. Ukimuuliza sababu, anaweka simu anayoandikia majibu yake kifudifudi mezani na kuangalia ukuta. Nilimkasirikia kupita kiasi. Mtu aliyeongea kwa ajira yake maisha yote, sasa hata kuandika sentensi moja anaringa.

Nikaamua kuupeleka mchezo kwake. Nilitaka wa kuujaribia, hiyo ni kweli, lakini zaidi nilitaka watu waingie ile nyumba. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana niliendesha gari kutoka Kitengela hadi Kajiado, nikaweka karatasi na dadu kwenye meza yake. Walikuja majirani zake wawili: mchuuzi wa ng'ombe ambaye ujanani alikuwa mteja wa lile banda, na mama mmoja wa kutoka Garissa mwenye duka la nguo. Siku ya kwanza Mgeni alipoinama mbele ya mhusika wa yule mama, alifikiri kidogo.

"Huyu Mgeni ni mwanamume?" aliniuliza.

"Hatujui," nikasema.

"Basi mimi siwezi kumgusa. Nitamtolea salamu kwa mdomo, na iwe sawa."

Mchuuzi alicheka hadi akakohoa. Nikaandika pembeni kwamba salamu ya mdomo inakubalika. Kaka aliketi kwenye kiti kilichoelekea mlango, skafu shingoni, hakucheka.

Kisha kampuni ikanijibu. Walikuwa wamesoma rasimu yote na kuipenda, isipokuwa sheria moja. Waliuliza kwa adabu nimeitoa wapi. Katika filamu zote nne, waliandika, hakuna mtu aliyewahi kumgusa kiumbe yule, na hakuna aliyewahi kukutana naye akapona. Kiumbe huinama kwa sababu husikia kwa paji la uso. Anasikiliza moyo wako ulipo. Tafadhali iondoe.

Nilitukana peke yangu jikoni. Halafu nikaitafuta filamu ya tatu, yenyewe kama ilivyotengenezwa, nikaketi mchana kweupe mapazia yakiwa wazi na kuitazama kwa sauti yake.

Sijui niielezeje hofu ile. Kila mahali nilipomngojea kaka, hakuwepo. Rubani hakutoka Kiserian. Alikuwa mtu mwenye huzuni ambaye hakusema jambo lolote la kuchekesha. Kompyuta ilisoma namba tu. Na pale kaka alipokuwa akinyamaza, filamu haikunyamaza. Kulikuwa na mdundo wa chini, polepole, ambao sikuwahi kuusikia kwa sababu yeye alikuwa ameizima sauti, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni moyo wa mpishi. Mpishi akainua mkono. Hakuwa anasalimu, alikuwa anajikinga uso. Giza likaingia, na mdundo ukaendelea kidogo ndani ya giza lile, kisha ukakatika. Picha iliyofuata ilikuwa viatu vyake. Miaka yote hii nilikuwa nimeviona viatu vile na kuamini kwamba amevivua ili aende nyumbani. Nilizima nikatoka nje, nikasimama kwenye jua la ploti mpaka mpangaji mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba.

Siku iliyofuata nilienda Kajiado. Nilimwonyesha kaka barua ya kampuni kwenye simu yangu. Aliisoma mara mbili, akachukua simu yake.

"Wako sawa," aliandika. "Nilitunga."

"Kwa nini?"

Aliandika polepole. Pumzi yake iliingia na kutoka nyuma ya skafu kwa mluzi mwembamba.

"Ulikuwa unalia. Wewe ulikuwa na miaka saba, umekaa mbele kabisa, umejikojolea. Mwenye banda alikuwa anakuja kukutoa nje. Nikasema kitu cha kwanza kiliingia kichwani. Ukanyamaza. Kesho yake ukarudi ukauliza kama yule mpishi alifika kwao salama, nikaona sasa siwezi geuza."

 Nilimuuliza tena kuhusu hospitali. Jumatatu iliyokuwa inakuja alikuwa amepewa siku kwa mara ya tatu, na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba baada ya hiyo hatajua la kufanya. Kaka aligeuza simu kifudifudi.

Sheria niliiondoa, maana nilikuwa nimetia sahihi mkataba. Katika mchezo mpya ukimgusa Mgeni unakufa. Jumamosi niliwaeleza wale wawili, na mchuuzi akanuna kabisa.

"Sisi tumelelewa na hiyo sheria," alisema. "Hao wazungu walikuwa wapi?"

Hapo kaka akagonga meza. Alijionyesha kifuani kwa kidole: leo ataongoza yeye. Alikuwa na kadi mkononi, ameziandika mwenyewe kwa kalamu, maelezo ya kila chumba cha chombo. Akampa mchuuzi azisome. Tulicheza hivyo karibu saa nzima, sauti ikiwa ya mchuuzi na macho yakiwa ya kaka, na ninakiri kwamba niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye mchezo wowote, ingawa nje kulikuwa na jua na mtu akifua nguo. Kadi ya mwisho ilikuwa na neno moja. Mchuuzi alilisoma taratibu. "Mgeni."

Kaka akasimama. Alifungua skafu na kuiacha kitini. Alianza kuizunguka meza, hatua moja, nyingine, na kila hatua tulisikia hewa ikiingia kwenye lile tundu. Yule mama alivuta shungi lake na kusema dua chini kwa chini. Kaka alimpita. Akampita mchuuzi. Akasimama mbele yangu, yeye mkubwa wangu kwa miaka kumi na miwili, akainamisha kichwa.

"Usimguse," mchuuzi akasema. "Hiyo sheria wametoa. Ukigusa umekufa."

Niliona utosi wake, nywele zikiota upya kwa mabaka. Nikaona mabega. Katika miaka yote ya banda, akiwatisha watu wazima hadi wakashikana mikono, kaka hakuwahi kutetemeka, na sasa alikuwa anatetemeka hadi kola ya shati ikicheza. Nilikuwa nimemwita mkaidi tangu mwezi wa kwanza. Alikuwa anaogopa. Mara ya kwanza aliingia hospitali ile akiongea.

Nikaweka kiganja utosini mwake. Kulikuwa na joto.

"Jumatatu nakuja kukuchukua asubuhi," nilisema, kwa sauti, mbele ya watu. "Naingia na wewe. Niko na wewe mpaka ule mlango watanikataza, na hapo mlangoni nitakaa."

Mchuuzi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuichukua karatasi yangu aandike kwamba nimekufa. Akauacha hapo mezani. Kaka hakuinuka. Pumzi yake ilikuja na kwenda karibu na goti langu kwa muda mrefu, kisha kichwa kikasogea chini ya kiganja changu, chini na juu, mara moja.